Maana ya Desturi ni ya Nani?

Kuna elimu iitwayo anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza wanadamu, desturi zao, ibada zao na alama wazitumiazo. Wenye elimu hiyo huja kijijini wakakaa mwaka mmoja au miwili, wakajifunza lugha, wakahudhuria misiba na ngoma, wakaandika usiku yale waliyoyaona mchana. Kisha hurudi kwao na kutunga kitabu. Bonde letu la Kilombero hawakulisahau. Limeandikwa tangu siku za Waingereza hata sasa, na watu wa Ifakara, Mahenge, Malinyi na Utengule wamo ndani ya vitabu visomwavyo London na Basel, hali wengi wao hawana habari. Twataka kusema neno juu ya elimu hiyo. Hatuji kuisifu, wala hatuji kuitukana. Twaishitaki kwa jambo moja, na shitaka hilo tutalieleza polepole, lisije likadhaniwa kuwa ni hasira tu ya watu waliochunguliwa dirishani.

Shitaka ni hili. Wengi katika wataalamu hao wamefundishwa kwamba mtu afanyaye ibada hajui maana yake yote, na ya kwamba maana ya ndani huonekana na mgeni mwenye daftari. Hatuwasingizii. Victor Turner, mmoja wa wakuu wa elimu hiyo, alikaa na Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, na mwaka 1967 alitoa kitabu kikubwa juu ya alama zao. Wandembu wana mti utoao utomvu mweupe kama maziwa, na msichana akomaapo hulazwa chini yake. Wenyewe walimwambia Turner kwamba mti ule ni maziwa ya mama, tena ni ukoo wa mama, tena ni desturi yote ya Wandembu. Akayaandika hayo kwa uaminifu. Lakini akaongeza kwamba yeye, kwa kuwa alisimama kando, aliona jambo wasiloweza kuliona wao: kwamba chini ya mti ule wanawake hujitenga na wanaume, na mama hushindana na wanawake wengine juu ya binti yake, kwa hiyo mti ule ni alama ya ugomvi pia, ingawa wenye mti wasema ni alama ya umoja.

Hatukatai kwamba mgeni aweza kuona. Wahenga walisema mgeni na aje ili mwenyeji apone. Walakini yako mambo mawili hapa, nayo hayafanani. Kusema, "Mimi niliona na hili pia," ni ushuhuda, na shahidi huweza kuulizwa. Kusema, "Hii ndiyo maana, nanyi hamwijui," ni kumwondoa mwenye nyumba katika nyumba yake. Na hapa inafaa kumtaja mke wa Turner mwenyewe. Bibi Edith Turner alirudi kwa Wandembu mwaka 1985, mumewe akiwa amekwisha kufa, akashiriki katika uganga wa kumtoa mgonjwa jino la mwindaji wa kale. Baadaye, katika kitabu chake cha 1992, aliandika kwamba aliona kwa macho yake kitu cha rangi ya kijivu kikitoka mgongoni mwa mgonjwa. Hatuwalazimishi wasomaji wetu kusadiki jambo hilo, nasi wenyewe tunalo neno letu juu ya mizimu. Lakini tazameni: baada ya miaka thelathini ya kuambiwa kwamba yote yale ni alama, mtu wa nyumba ile ile alikataa kuyaita alama tu.

Msomaji wa Biblia hatashangaa kwa kosa hili, maana ni la zamani. Kuhani Eli alimtazama Hana akiomba huko Shilo, midomo yake yacheza wala sauti haisikiki, akaisoma alama ile kwa elimu yake, akaona kwamba mwanamke huyu ni mlevi. Wala Eli hakuwa mjinga. Alikuwa mzee wa ibada, amekwisha kuona walevi wengi sikukuu. Tena iko habari ya Yoshua sura ya 22, ambayo tungependa kila mtaalamu wa desturi aisome kabla ya kupanda ndege. Makabila yaliyopewa nchi ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao walipoiona walijua mara moja maana yake: huu ni uasi, wamejifanyia ibada nyingine. Wakakusanyika kwenda vitani. Walakini kabla ya kupigana walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi waende wakaulize; nao wakajibiwa kwamba madhabahu ile haitatolewa sadaka hata siku moja, imewekwa iwe shahidi, ili watoto wa baadaye wa ng'ambo wasije wakaambiwa kwamba hawana fungu katika Bwana. Finehasi akaridhika, na vita haikuwako.

Angalieni vizuri. Madhabahu ile kwa umbo lake ilikuwa madhabahu kweli. Mtu wa kutazama umbo angalikosa hata kama angalikaa pale miaka miwili na kuipima kwa kamba. Maana yake ilikuwa katika vinywa vya waliyoijenga, na watu wengi wangalikufa kwa ajili ya tafsiri.

Labda msomaji atauliza, Je, ninyi walimu Wakristo mmeanza lini kuwatetea wafanyao matambiko? Je, si ninyi mnaofundisha watoto kuacha mambo hayo? Twajibu: twafundisha hivyo, wala hatujabadili. Lakini mtu hawezi kukataza vema jambo asilolifahamu. Mama apelekaye unga kaburini kwa baba yake, akamwomba amwachie mtoto mgonjwa, anasema na baba yake. Mtaalamu akituambia kwamba mama yule "anaonyesha umoja wa ukoo," ametudanganya kama alivyotudanganya katekista asemaye kwamba mama yule "anaabudu shetani." Wote wawili hawakumsikia. Yeye alitaja jina la baba yake, akataja na ugonjwa. Padre atakayesema naye juu ya jambo hilo hana budi kuanzia pale, penye baba na penye ugonjwa, la sivyo atahubiri ukutani.

Tena iko sababu nyingine ya kusema, nayo yatuhusu zaidi. Kalamu ile ile iliyoandika tambiko imekwisha kuandika na ubatizo wetu. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cambridge kilichapa kitabu cha Bibi Maia Green juu ya Wapogoro Wakatoliki wa wilaya ya Ulanga na sehemu zake, kitabu cha mapadre, wachawi na mamlaka. Yeye alikaa huku miaka ya 1989 na iliyofuata, akajua watu, akala nao. Aliandika kwamba Ukristo wa huku uliota mizizi kwa nguvu ya misioni: shule, hospitali, kazi, mashamba na misaada, na ya kwamba Wakristo hao hao huendelea na mambo ya jadi bila kuona kwamba wamechanganya dini mbili, kwa kuwa kwao jadi ni jadi na dini ni dini, kila moja na mahali pake.

Maneno hayo yauma. Walakini tusimkimbilie kwa fimbo, maana sehemu ya pili ni kweli, nasi twaijua. Nani katika sisi hajamwona mtu akitoka Misa ya marehemu asubuhi, na jioni akakaa na wazee kumwaga pombe kwa ajili ya marehemu yule yule, wala moyo wake haumshitaki? Sisi tulimwita mnafiki. Bibi Green alimsikiliza, akaona kwamba si mnafiki: ndivyo alivyopanga dunia yake. Katika jambo hili mgeni alituzidi kwa kusikia, na ni aibu yetu. Mapadre wangalikuwa na kitabu kile kwa Kiswahili, wangaliacha mahubiri mengi yasiyompata mtu.

Lakini sehemu ya kwanza hatuikubali hivi hivi. Nguvu ya misioni yaeleza kwa nini mlango ulifunguliwa. Haielezi kwa nini watu wamebaki nyumbani. Wakapuchini wa Uswisi walifika katika nchi hii baada ya vita ya kwanza, mwaka 1921, wakashika kazi waliyoiacha Wabenediktini wa Kijerumani. Ni kweli kwamba shule zilikuwa zao, na mtoto aliyetaka kusoma alipita mikononi mwao. Basi mwaka 1969 sheria ya elimu ilizitwaa shule zile zikawa za serikali. Tangu hapo mtoto wa Ifakara hahitaji jina la Mtakatifu ili ajifunze kuandika. Kama ubatizo ulikuwa nauli ya shule tu, tungalitazama makanisa yakiwa magofu. Mwaka 2012 Ifakara ilifanywa jimbo, ikatengwa na Mahenge, kwa sababu ya wingi wa waumini na wa parokia. Mtaalamu atasema kwamba zipo nguvu nyingine zilizofuata: miradi, wafadhili, heshima ya mapadre. Aseme. Lakini ikiwa kila asemalo Mkristo juu ya imani yake litageuzwa kuwa neno juu ya nguvu, basi hakuna jibu tuwezalo kutoa likasikiwa. Na mazungumzo yasiyo na jibu si mazungumzo. Mwenye tambiko na mwenye rozari wamo katika jahazi moja hapa.

Yawezekana kufanya kazi hii vizuri zaidi, nao wako waliofanya. Jirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe walikaliwa na Bibi Monica Wilson pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hata 1938. Bibi huyu alikuwa binti wa wamisionari wa Kiskoti huko Afrika ya Kusini. Alitoa vitabu viwili juu ya ibada za Wanyakyusa, mwaka 1957 na mwaka 1959, na ndani yake alishika kanuni moja ngumu: tafsiri ya alama isiyojengwa juu ya tafsiri ya watu wenyewe ni ya kushukiwa. Kwa hiyo aliuliza. Aliwauliza makuhani wa mvua, aliwauliza Wakristo, aliwauliza wanawake. Akakuta kwamba Wanyakyusa wanajua vema kwa nini jani hili na si lile, akayaandika maelezo yao kwa kirefu kabla ya kuweka yake. Mtu asomaye vitabu vile husikia watu wakisema. Hiyo ndiyo tofauti.

Walakini kuuliza nako kuna hila zake. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliyesoma elimu hii hii huko Oxford akagombana na walimu wake kwa ajili ya maneno ya dharau waliyoyatumia juu ya Waafrika, alieleza habari ya mapadre wa Kiitalia waliofika kwa Waacholi mwaka 1911. Mapadre waliwauliza wazee, Nani aliwaumba ninyi? Lugha ile haikuwa na neno la kuumba kama tulijuavyo katika katekisimu, na swali likawafikia wazee kama kwamba wanaulizwa ni nani awafinyangaye watu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba iko pepo impindayo mtu mgongo hata akawa na kibyongo, nayo yaitwa Rubanga. Akajibu, Rubanga. Mapadre wakashukuru, wakaandika. Na hata leo Waacholi Wakristo humwita Mungu kwa jina hilo. Tulipoisoma habari hii tulicheka kidogo, kisha hatukucheka. Mapadre wale waliuliza kwa moyo mwema, wakajibiwa kwa moyo mwema. Kilichokosekana ni mtu wa kulichunguza swali lenyewe kabla ya kulipokea jibu.

Tena iko hila ya cheo. Kitabu cha kwanza kikubwa juu ya bonde letu kilitoka London mwaka 1935, nacho ni habari za Wabena wa mito, waliokuwa na mji wa mtema wao huko Utengule. Watungaji wake ni Bwana Arthur Culwick na mkewe Geraldine. Ni kitabu cha kazi nyingi: ukoo wa watema, kilimo, mahari, mashauri, ibada za wafu. Lakini Bwana Culwick alikuwa afisa wa serikali ya Kiingereza. Mzee aliyekuwa akimweleza habari za mizimu asubuhi alimjua kuwa ndiye msimamizi wa kodi na wa kesi mchana. Twataka kuuliza, mzee huyo alisema nini, na alinyamaza nini? Serikali ile ilitaka kutawala kwa njia ya watema, na kwa hiyo ilipenda kusikia kwamba utema ni wa kale sana, una mizizi, unakubaliwa na wote. Haikuwa vigumu kupata wazee wa kusema hivyo. Wandamba, wenyeji wa mto tangu kabla ya watawala hao, labda wangalisema vingine kama kitabu kingalikuwa chao.

Lakini ndani ya kitabu kile kile imo sura moja iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Twaitaja kwa furaha. Miaka tisini na zaidi imepita, na mwenyeji wa bonde hili alikwisha kushika kalamu akasema habari zake kwa jina lake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1938, Jomo Kenyatta alitoa kitabu chake juu ya Wakikuyu, alichokiandika chini ya mwalimu Malinowski. Mtu atasema kwamba mtema naye alikuwa na yake ya kutetea, kama Kenyatta alivyokuwa na yake. Ni kweli, mwandishi asiye na jambo la kutetea hatujamwona bado. Tofauti ni kwamba twajua mtema anasimama wapi. Afisa aliandika kama kwamba hasimami mahali popote.

Ili ionekane kwamba jambo hili si mchezo wa wasomi, tazameni maji ya mwaka 1905. Mwezi wa Agosti mwaka ule kikosi cha Ifakara kilishambuliwa, na kabla mwezi haujaisha boma la Mahenge likazingirwa na Wapogoro na Wambunga. Watu walikunywa maji na kujipaka maji, wakiambiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Maana ya maji yale ni nini? Wajerumani walisema ni hila ya waganga waliokula njama. Na kwa tafsiri hiyo walinyonga watu na kuchoma ghala za chakula, njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Baada ya uhuru, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari kwa wazee, mwaka 1968, na tafsiri iliyopendwa ikawa kwamba maji yalikuwa alama ya umoja wa taifa lijalo. Mwaka 1998 Bibi Jamie Monson, mwanahistoria, alionyesha kwamba katika nchi zetu hizi kila mtawala aliyapokea maji au aliyakataa kwa kutazama adui zake na rafiki zake wa tangu zamani. Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Wajerumani. Tafsiri tatu, na kila moja ilifaa wakati wake. Sisi twaipima ya Wajerumani kuwa mbaya kuliko zote, ile ya taifa kuwa njema lakini pana mno, na ya tatu kuwa karibu zaidi na watu. Lakini hata leo twamtafuta mwandishi atakayeanza na lile walilolisema wanywaji wenyewe, kwamba yalikuwa dawa. Akaeleza kwa nini mtu mzima mwenye akili, aliyekwisha kuona bunduki ikiua, aliitumaini dawa.

Tumefika kwa ugonjwa, na hapa hatuwezi kupita upesi. Ifakara inajulikana duniani kwa malaria. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika huku mwaka 1949, maabara yake ikafunguliwa mwaka 1957, nayo ndiyo mwanzo wa taasisi ya afya ya Ifakara tuliyo nayo sasa. Kwa miaka mingi wataalamu walihesabu mbu na vijidudu vya damu. Wakauliza kwa nini mama mwingine, ambaye ameambiwa mara mia kwamba malaria huletwa na mbu, bado humpeleka mtoto mwenye degedege kwa mganga. Jibu la haraka lilikuwa: ujinga, elimu haijamfikia. Jibu la mtaalamu wa alama lingalikuwa: uchawi ni lugha ya kusemea wivu wa majirani. Yote mawili hayamsaidii mtoto.

Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner walitoa makala iliyotokana na kukaa na watu wa Ifakara. Waligundua kwamba akina mama hawakosi elimu ya mbu. Wanaijua, wameipokea. Lakini wanajua pia, kwa mafikira yao, kwamba mchawi aweza kuwaficha vijidudu ili kipimo cha hospitali kisivione, au kuleta malaria ya uongo ifananayo na ile ya kweli ili dawa isifae kitu. Kwa hiyo mtoto akipimwa na kuambiwa hana kitu, au akipewa dawa na homa isishuke, mama huenda kwa mganga aondoe kizuizi, kusudi dawa ya hospitali ipate kufanya kazi. Oneni sasa! Mama huyu hakuikimbia hospitali. Anaitengenezea njia. Hubiri la kumwambia kwamba mbu ndiye aletaye malaria halimgusi hata kidogo, maana hana shaka juu ya mbu. Neno lifaalo kwake ni hili: kipimo kimoja huweza kukosa, rudi kesho upimwe tena, wala usimalize siku tatu njiani. Neno hilo dogo lilipatikana kwa sababu watu walimwuliza mama anafanya nini kwanza na nini baadaye, wakamwamini. Ndiyo maana hatuitukani elimu hii. Ikifanya kazi yake, huokoa.

Jambo la mwisho ni zito zaidi, nasi twalisema tukijua kwamba litawaudhi wengine. Huku kwetu, tangu miaka mingi, mtu ashukiwaye kuwa mchawi hupelekwa kunyolewa na kupewa dawa ili uchawi wake uishe. Sheria ya uchawi iko tangu 1928, Kanisa limekataza, na watu wameendelea. Mwaka 2005 Bibi Green pamoja na Simeon Mesaki, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandika juu ya "saluni," maana ndivyo watu walivyopaita kwa mzaha mahali pa kunyolea. Wakaeleza jinsi jambo hilo lilivyochukua sura ya kisasa na utaratibu kama wa ofisi. Tena Bibi Green alikwisha kuandika mwaka 1997 kwamba kunyoa husafisha: mshitakiwa akinyolewa hurudi nyumbani, na mara nyingi mshitaki naye hunyolewa, jambo likaisha bila damu. Nchi nyingine, wasema, vikongwe huuawa, huku hunyolewa.

Tafsiri hiyo ina akili, nasi tumeipima. Ni kweli kwamba kichwa kilichonyolewa ni afadhali kuliko kichwa kilichokatwa. Lakini twauliza swali ambalo tafsiri ya usafi hailiulizi kwa nguvu ya kutosha: bibi kizee aliyepelekwa na wanawe mwenyewe, akanyolewa mbele ya watu, akarudi kijijini, yeye asema maana yake nini? Tafsiri ya kijiji ni kwamba amesafishwa. Yeye je? Tumewahi kuwaona wakikaa peke yao barazani, nywele zinaota, wala jirani haombi moto kwao. Maana ya ibada si ya kijiji kizima kwa kipimo kimoja. Kuna anyoaye, kuna atazamaye, kuna anyolewaye. Na mtaalamu atafutaye maana "ya Wapogoro" au maana "ya Wandamba" hujikuta mara nyingi amechukua maana ya wenye sauti kubwa. Sisi Wakristo twalijua kosa hilo kwa sababu nasi tumelifanya: tulikataza kunyoa, tukasoma waraka kanisani, wala hatukwenda kukaa na bibi yule.

Basi twataka nini? Wa kwanza tuwaambiao ni wataalamu. Mtafiti apewaye kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia hutakiwa kutoa taarifa kwa Tume. Twataka na kijiji kipate taarifa, kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni, na wazee wapate nafasi ya kusema, Hapa umekosa. Na neno lao la kukana liingie katika kitabu, hata kama mwandishi hakubaliani nalo. Hilo halitamharibia elimu yake. Pili twawaambia mapadre na makatekista wetu: kabla ya kukataza, ulizeni, na mkiuliza, msiulize kama wale wa mwaka 1911.

Tatu ni sisi walimu. Twalalamika kwamba wageni wametuandika vibaya, na madaftari yetu ni meupe. Kila shule katika bonde hili ina mwalimu ambaye bibi yake au shangazi yake angali akijua kwa nini mwali hutolewa ndani kwa namna hii, kwa nini mwanamke akaa na maiti ndani na mwanamume achimba kaburi nje, kwa nini mtumbwi mpya hausukumwi mtoni hivi hivi. Na aende aandike: jina la jambo kwa lugha ya nyumbani, maneno ya mzee kama alivyoyasema, na chini yake, mbali kidogo, maoni ya mwalimu mwenyewe. Penye wazee wawili wasiopatana, waandikwe wote wawili. Mambo yasiyofaa kutolewa nje ya ndani ya mwali yasiandikwe, na iandikwe kwamba yameachwa. Nasi tutamwomba mhariri atupe nafasi ya ukurasa mmoja kila mwezi, tuanze na matanga, maana hapo ndipo padre, mganga, mtaalamu na mfiwa hukutana siku moja.

Na atakayekuja baada ya mvua na daftari lake, akaribishwe, apewe kiti na wali. Aulizwe atakaa siku ngapi, maandiko yake atayaleta lini, na kwa lugha gani. Na jibu lake liandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe.